Dawati la nyuma ya darasa

Niliporudi kutoka semina ya siku 5, mwalimu mkuu alinipokea kwa neno moja: "Mrejesho." Ilikuwa Ijumaa, saa nane na nusu mchana. Watoto walikuwa wameshaondoka, wamebaki wale wa zamu ya kumwagilia miche. Walimu 9 tukajibana ofisini, wawili wakakalia marundo ya madaftari kwa sababu viti havikutosha. Mimi nilikuwa na mkoba mpya wenye nembo ya mradi, kalamu mbili, na kurasa 60 za nakala kivuli nilizopewa siku ya kufunga. Nilikuwa na dakika 25, maana daladala ya wanaokaa mjini hupita saa tisa na haisubiri mtu.

Nikasema nilichoweza kukumbuka. Mbinu shirikishi. Zana zitokanazo na mazingira. Mwanafunzi awe ndiye kitovu cha ujifunzaji. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa adabu kama watu walio msibani kwa mtu wasiyemjua. Mwishoni nikauliza kama kuna swali. Lilikuwapo moja: posho ilikuwa shilingi ngapi kwa siku? Hilo nililijibu kwa ufasaha.

Jumatatu nikaingia darasa la tano na kufundisha hesabu za sehemu vilevile nilivyofundisha tangu naajiriwa.

Nasimulia aibu yangu mwenyewe ili nisionekane nawasema wengine. Siku zile nilikuwa na tatizo lisilozungumzwa kwenye ukumbi wowote wa semina. Niliwapa watoto 1/2 + 1/3, na zaidi ya nusu ya darasa waliandika 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi, zile namba za juu, asili kwa asili, zile za chini, wakapiga mstari wakaleta daftari. Nikawaonyesha namna ya kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili, wakanakili kwa mwandiko mzuri. Wiki iliyofuata nikawapa 1/4 + 1/2, wakaniletea 2/6. Nikasahihisha kwa wino mwekundu mpaka kalamu ikaisha.

Shuleni kwetu kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa darasa la pili, amebakiza miaka miwili astaafu. Aliniona nimeshika tama mbele ya madaftari akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema, "Kesho kipindi changu cha tatu ni michezo, nitamwomba mwenzangu awaangalie. Nije nikukalie." Akaja. Hakuwa na fomu wala kitabu cha kuandikia. Alikwenda moja kwa moja dawati la nyuma, akajibana kati ya watoto wawili, akatazama daftari la mmoja wao dakika zote 40.

Tulipotoka nje akaniambia hivi: "Mwanangu, umewaambia wamekosea mara tatu. Hujawauliza hata mara moja kama nusu ukiiongezea kitu inaweza kupungua."

Nilisimama pale uwanjani nikihesabu kichwani. Mbili ya tano ni pungufu ya nusu. Nimefundisha sehemu miaka yote hiyo na sikuwahi kuliona. Kesho yake nikakata vipande vya karatasi ya manila, kila kimoja sentimita 30. Kimoja nikakigawa nusu, kingine theluthi, kingine sehemu tano. Mtoto akapanga nusu na theluthi kwa kufuatanisha, akapata sentimita 25. Kisha akachukua zile mbili ya tano zake, sentimita 12, akaziweka pembeni. Akacheka. "Mwalimu, hii jibu letu fupi hata kuliko nusu peke yake!" Baada ya hapo Kigawe Kidogo cha Shirika kilikuwa na kazi ya kufanya, maana sasa walijua wanatafuta nini.

Ukinipa siku 5 za ukumbini na dakika 40 za yule mama, nikaambiwa nichague, sihitaji kufikiri. Na ndiyo hoja yangu yote: mwalimu wa shule ya msingi Tanzania hajakosa mafunzo. Amekosa mtu wa pili ndani ya darasa lake, mtu anayejua somo, anayekuja mara kwa mara, na asiyekuja kumhukumu. Fedha za kuendeleza walimu zingefuata mtu huyo badala ya kufuata ukumbi, tungekuwa mbali.

Tuangalie fedha za semina zinavyotembea. Kuna ukumbi, chai yenye sambusa na yai, chakula cha mchana, bango kitita na makapeni yake ya kuandikia, mafuta ya magari ya waheshimiwa wanaokuja kufungua na kufunga. Kuna posho ya wawezeshaji na nauli ya washiriki. Kila shilingi ina stakabadhi, kila mshiriki ana sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, mkaguzi wa hesabu akija atakuta mambo safi. Ndiyo maana semina haifi: inahesabika kirahisi. Walimu 400 wamefunzwa, andika. Je, nani ameingia darasani mwezi mmoja baadaye kuona kama mtoto yeyote alisoma tofauti? Safu ya hilo haimo kwenye jedwali.

Nasi walimu tusijifanye malaika. Semina tunaipenda. Kwa mshahara wa mwalimu wa daraja la chini, posho ya siku 5 ni ada ya mtoto au bati tatu nne za nyumba. Nimewahi kuona watu wakinuniana mwezi mzima kwa sababu ya nani kateuliwa kwenda. Na mara nyingi anayeteuliwa hufundisha somo lingine kabisa, ila ni zamu yake kupata. Hakuna ubaya mtu kupata, lakini tusiite jambo hilo maendeleo ya ualimu.

Halafu kuna utaratibu wa ngazi kwa ngazi. Wakufunzi wa taifa wanafunza wa mkoa, wa mkoa wanafunza wa halmashauri, wa halmashauri wanafunza wawili kutoka kila shule, na hao wawili wanakwenda kutoa mrejesho Ijumaa saa nane na nusu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Kila ngazi inapunguza kidogo: siku 10 zinakuwa 5, siku 5 zinakuwa 2, siku 2 zinakuwa dakika 25, na kila mbebaji anashukuru mzigo umepungua. Kinachofika kwa mwalimu wa darasa la kwanza kule mwisho wa barabara ni msamiati tu. Atajua kusema "umahiri", ila somo litabaki lilelile.

Tumeliona hilo upya Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Mtaala wenyewe una mengi mazuri. Unataka mtoto afanye, asikariri. Lakini kumtoa mwalimu kwenye ubao na chaki alivyozoea miaka 20 kunataka kumkalia karibu, kama fundi anavyomkalia mwanagenzi. Watu wa cherehani wanalijua hili. Huwezi kumfundisha mtu kukata kola kwa slaidi za ukumbini.

Kuna waliolipima jambo hili kwa mizani. Afrika Kusini, katika mkoa wa North West, watafiti wakishirikiana na wizara ya elimu walichukua shule 230 za watoto wanaojifunza kusoma kwa Kitswana. Shule 50 walimu wake waliitwa kwenye mafunzo ya pamoja ukumbini. Shule 50 nyingine walimu walipata mtu wa kuwatembelea darasani mara kwa mara kuwasaidia. Makundi yote mawili yalipewa vitabu vilevile na maandalio yaleyale ya somo ya kila siku, yaliyofuata mtaala wa serikali. Baada ya miaka 2 watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamewazidi wale wa shule zilizoachwa bila chochote kwa ajili ya kulinganisha. Ila wale ambao walimu wao walitembelewa darasani walipanda mara mbili ya wale wa ukumbini. Kilichobadilika darasani kilikuwa kidogo na cha wazi: walimu waliotembelewa walikuwa tayari zaidi kuwagawa watoto kwenye vikundi vidogo vya kusoma, hivyo kila mtoto akapata zamu ya kusoma akisikilizwa.

Kila mwalimu amefundishwa chuoni kugawa watoto vikundi, si jambo geni. Kinachomshinda ni kuanza. Siku ya kwanza vikundi vinaleta kelele, mwalimu wa darasa la jirani anachungulia, mwalimu mkuu anauliza kuna nini. Asubuhi ya pili mwalimu anarudi kwenye kukaririsha kwa pamoja, maana kunasikika vizuri hata barabarani. Mtu wa pili akiwepo siku hiyo ya kwanza, anasimama na kikundi kimoja wakati mwenye darasa yuko na kingine, na mwisho wa kipindi anamwambia hizo kelele ni za kawaida, subiri wiki mbili. Sentensi hiyo haina nakala kivuli.

Sisi wenyewe tuliwahi kulijua jambo hili tukalisahau. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa lilipoamua kila mtoto asome, walimu hawakuwepo. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakawekwa kufundisha huku wakisomea ualimu palepale vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mratibu wa elimu wa kata aliyewakusanya na kuwaelekeza. Ubora wake uligombaniwa sana na sina nia ya kuupamba. Kijana wa darasa la saba ni kijana wa darasa la saba. Lakini tuone cheo cha mratibu kilizaliwa kwa kazi gani: kumfundisha mwalimu akiwa kazini. Miaka 30 baadaye, shule za sekondari za kata zilipochipuka, tukapeleka vijana wa kidato cha sita madarasani baada ya mafunzo ya wiki chache. Mtaani wakaitwa "voda fasta", watu wakacheka. Mtaa haukuwa na jina la kuwacheka waliowapeleka huko bila mtu wa kuwashika mkono.

Katikati hapo vilijengwa vituo vya walimu, vingi katika miaka ya 1990 kwa fedha za wafadhili. Wazo lilikuwa zuri: nyumba iliyo karibu na shule kadhaa, yenye vitabu, meza ya kutengenezea zana, na mwalimu mzoefu wa kuongoza. Mfadhili alipoondoka, wazo likaondoka naye. Kimoja nilichokifahamu kilikuja kuwa ghala la mitihani, kingine ofisi. Kwenye kabati la hicho cha pili nilikuta globu imechakaa upande wa Afrika, kwa kuguswa, nikapata uchungu kidogo.

Sasa tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Kwa maandishi, ni jibu sahihi kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Inasema mwalimu ajifunze akiwa shuleni kwake, pamoja na wenzake, katika jumuiya za kujifunza, wakianza na shida za darasa lao. Taasisi ya Elimu Tanzania inaandaa moduli na kuziweka kwenye mfumo wake wa intaneti, na mradi wa BOOST, mkopo wa Benki ya Dunia wa takribani shilingi trilioni 1.15, umeiweka MEWAKA kati ya malengo yake, sambamba na ujenzi wa madarasa na kufufua vituo vya walimu kwa vifaa vya kidijitali. Sina ugomvi na hati hizo. Nina hofu na jinsi zinavyotekelezwa, kwa sababu nimeshaona jumuiya ya kujifunza ikigeuka kikao. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna muhtasari, kuna mahudhurio. Mada inasomwa kutoka kwenye moduli kwa sauti, aya kwa aya, na mwalimu anayeona zaidi bila miwani. Picha inapigwa, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, na afisa anajibu kwa dole gumba. Hakuna aliyeingia darasa la mwenzake.

Ufunguo wa yote uko kwa mtu mmoja: Afisa Elimu Kata. Huyu ndiye mrithi wa yule mratibu wa 1976. Ana shule 3, 4, pengine zaidi, karibu kiasi cha kuzitembelea zote kila wiki. Mradi wa EQUIP-T, uliogharimiwa na Uingereza kuanzia 2014 na kufika mikoa 9, uliliona hilo: uliwapa maafisa hawa pikipiki na ruzuku ya kila mwezi ili wafike shuleni. Mwaka 2018 serikali nayo ikagawa pikipiki karibu 2,900 kwa kata za nchi nzima, kati ya kata karibu 4,000. Ni hatua kubwa, na wenye kuicheza shere hawajawahi kupanda mlima na mafaili begani.

Sasa mfuate afisa huyo wiki moja. Jumatatu ana takwimu za wanafunzi zinazotakiwa wilayani kabla ya saa sita. Jumanne kuna kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Jumatano anasimamia ujenzi wa matundu ya vyoo, fundi amekimbia na saruji. Alhamisi ni ugeni wa mkoa, walimu watafute kwaya. Ijumaa mafuta yameisha. Akifika shule, anafika kwa mwalimu mkuu, anasaini kitabu cha wageni, anakagua maandalio ya somo kama yameandikwa kwa kalamu ya bluu na kama yana safu ya tathmini, anakunywa chai, anaondoka. Darasani hakuingia. Wala simlaumu. Hakuna aliyewahi kumuuliza ameingia madarasa mangapi, ila takwimu zikichelewa ataulizwa kwa barua.

Hapo ndipo Kenya inapokuwa na jambo la kutufundisha. Katika programu yao ya Tusome, iliyoenea nchi nzima kuanzia 2015 kwa fedha za Marekani, maafisa wa mtaala wa ngazi ya chini walipewa tableti za kutazamia masomo ya Kiswahili na Kiingereza ya madarasa ya mwanzo. Fedha zao za usafiri zikahesabiwa kwa madarasa waliyoyatembelea kweli, na tableti ndiyo iliyoshuhudia. Mtu akikaa ofisini, mafuta yanakaa pia. Afisa huyo alikuwa na dodoso fupi, anasikiliza watoto watatu wakisoma, kisha anaketi na mwalimu kumwambia jambo moja au mawili ya kujaribu. Idadi ya watoto wa darasa la pili wasioweza kusoma hata neno moja ilishuka sana. Utaratibu wenyewe haukuwa wa ajabu. Ulihakikisha tu kwamba mwenye kazi ya kuingia darasani anaingia darasani.

Kenya hiyohiyo ina somo la upande wa pili. Mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilitangaza mafunzo ya lazima ya kujiendeleza, ya moduli zinazomfuata mwalimu karibu maisha yake yote ya kazi, yakitolewa na vyuo vichache vilivyoteuliwa. Mwalimu alipe kutoka mfukoni mwake shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vikaja juu. Na kweli, unamdai mtu alipie mafunzo asiyoyachagua, asiyojua yatamsaidia vipi Jumatatu, na ambayo asipoyafanya leseni yake itatiliwa shaka. Mwalimu wa namna hiyo akija darasani kwako na cheti, hujui kama amejifunza au amelipa.

Na tofauti ya msaada na hukumu haitaki mzaha. Zamani mkaguzi wa shule alipoonekana kwa mbali, mtoto mmoja alitumwa mbio madarasa yote, na ndani ya dakika 5 shule nzima ilikuwa imetundika chati. Jina likabadilishwa, wakaguzi wakawa wathibiti ubora wa shule, na mwongozo wao mpya unasisitiza ushauri zaidi ya makosa. Ni jambo jema. Lakini mwili wa mwalimu haubadiliki kwa waraka. Akiona mgeni na kalamu nyuma ya darasa anaacha kufundisha na kuanza kuigiza: anamwita mtoto anayejua, anaruka mada inayomsumbua, anafundisha somo la wiki iliyopita ambalo watoto wamelishika. Mgeni anaondoka ameona igizo zuri. Ndiyo maana yule mama alinisaidia: hakuwa na fomu, hakuwa na cheo juu yangu, na kila mtu shuleni alijua kwamba yeye mwenyewe huomba ushauri wa hesabu kwa vijana. Ningekuwa na hofu naye, ningemfundishia kujumlisha sehemu zenye asili moja, angesifia, 2/5 ingeendelea.

Kwa hiyo taarifa za anayesaidia zisiingie kwenye mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi. Ziishie kati ya walimu wawili. Najua wakubwa hawapendi habari wasiyoiona, lakini wakiiona itageuka uongo mara hiyohiyo.

Wapo wanaosema teknolojia itamaliza tatizo: mshauri akae Dodoma, mwalimu awe Ngara, waonane kwenye kioo. Nilitamani iwe kweli, maana ni nafuu. Afrika Kusini hiyohiyo walijaribu, safari hii mkoa wa Mpumalanga kwa somo la Kiingereza: kundi moja msaidizi anafika darasani, kundi jingine anawasiliana na walimu kwa tableti na simu. Mwaka wa kwanza matokeo yalikaribiana, watu wakashangilia. Baada ya miaka 3 aliyefika kwa miguu yake alikuwa amemwacha mbali wa tableti, hasa kwenye kusoma. Simu haioni daftari la mtoto wa dawati la nyuma. Tena kwetu kuna suala la bando, ambalo mwalimu hujinunulia mwenyewe, na kati ya moduli ya kurasa 40 na mtoto wake kuangalia katuni sijui nani atashinda.

Hapa nategemea msomaji mwalimu ananiuliza: na watoto 120 kwenye chumba kimoja je? Ana haki. Hakuna msaidizi wa kumfanya mtu mmoja awasikilize watoto 120 wakisoma mmoja mmoja. Hata huko North West matokeo yalitofautiana kulingana na ukubwa wa darasa. Pengo la ikama, yaani upungufu wa walimu, ni pengo la ikama, linazibwa kwa ajira, na yeyote anayeuza mafunzo kama mbadala wa ajira anawadanganya wazazi. Lakini tunaajiri pia, na tunaowaajiri tunawapeleka peke yao. Kijana anaripoti shule ya mbali na begi lake, anapewa madarasa mawili siku hiyohiyo kwa sababu kuna upungufu, na mtu wa kwanza kumwona akifundisha ni mthibiti ubora, pengine baada ya miaka. Hospitalini daktari mpya ana mwaka mzima wa kufanya kazi chini ya macho ya wakubwa. Fundi magari ana miaka yake chini ya gari la bosi. Mwalimu mpya tunampa chaki na kumtakia heri.

Ningeulizwa nianzie wapi, ningeanza na ratiba, ambayo haitaki mfadhili. Kila shule iwe na mwalimu mmoja mwenye mkono mzuri aliyepunguziwa vipindi 4 au 5 kwa wiki ili awakalie wenzake. Awe amechaguliwa na walimu wenyewe. Akiteuliwa na mwalimu mkuu, atakuwa wa kupewa posho. Vipindi hivyo viandikwe ubaoni ofisini kama vipindi vingine, maana kisichokuwa kwenye ratiba shuleni hakipo. Pili, mafuta ya Afisa Elimu Kata yafungwe na madarasa aliyoingia, kama Tusome, na zile kazi za vyoo na kwaya apewe mtu mwingine wa kata. Tatu, siku mbili kati ya kila semina ya siku 5 zihamishiwe shuleni: mwezeshaji huyohuyo, posho hiyohiyo kama ni lazima, ila akaketi dawati la nyuma. Nadhani wengine wataugua ghafla.

Fedha zipo kiasi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya kusaidia walimu ukanda huu ilikatika katikati ya muhula, na tulijifunza kwa maumivu kwamba kinachobaki ni kile kilichoingia kwenye ratiba na bajeti ya halmashauri. Vingine viliondoka na magari yao.

Yule mama alistaafu. Vile vipande vyangu vya manila viliraruka zamani, nimekata vingine mara nyingi. Mwezi uliopita tumepokea binti, ajira mpya, amepangiwa darasa la tatu hesabu. Siku ya nne nilimsikia kupitia ukutani akipaza sauti kuliko kawaida, kisha kimya kirefu, nikajua. Mapumziko yalipofika nikamwambia, "Dada, kipindi cha tano sina darasa. Naweza kuja kukaa kwako kidogo?"

Akanitazama, akaitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu. "Umekuja kunikagua, mwalimu?"

Nikaitoa kalamu nikaiacha mezani ofisini. Tuliingia pamoja. Nilipokuwa najibana kwenye dawati la nyuma, mtoto wa pembeni yangu alifunika daftari lake kwa mkono.